Chagua ala kwanza, kisu baadaye

Ukiamua kununua kisu kidogo cha kutembea nacho, anza na ala. Najua wengi hufanya kinyume. Mtu anafika Kariakoo au soko la Tandika hapa Dar es Salaam, anaokota kisu kwenye turubai lililotandikwa chini, anakigusisha ukucha wa dole gumba kuona kama kinakwaruza, analipa, halafu anaomba kipande cha gazeti akiviringishe. Visu vinavyouzwa mitaani kwetu karibu vyote ni vya jikoni, na kisu cha jikoni kimetengenezwa kilale kwenye droo au kwenye beseni la vyombo. Hakikutengenezwa kupanda daladala. Makali umeyanunua, pa kuyaweka huna.

Nawaandikia watu wanaokihitaji kisu mara nyingi kwa siku na ambao kazi haiwapi nafasi ya kwenda kukitafuta kilipo. Kuna mama anayechuma mchicha na matembele kwenye bustani za Bonde la Msimbazi, mkono mmoja umeshika fungu, mwingine unakata. Kuna kijana anayefungua marobota ya mitumba alfajiri, na kila robota lina mikanda yake. Kuna mvuvi wa Kunduchi anayetaka kukata uzi uliomkwama kwenye wavu kabla wavu haujaharibika zaidi. Kuna wachonga vinyago wa Mwenge, ambao baada ya tezo na patasi bado wana kazi ya kisu kidogo kwenye macho na vidole vya kinyago. Kitenge hakina mfuko. Kaptula ya mvuvi inao, lakini umelowa na una mchanga. Kisu kikiachwa chini kinapotea, kinakanyagwa, au kinaondoka na jirani aliyekiazima "mara moja tu".

Ndiyo maana wapo wanaokitundika shingoni: kisu kifupi, ndani ya ala, kamba imezunguka shingo, mpini umeangalia chini ili mkono ukivute kwa kushusha. Mtindo huu una mashabiki Ulaya na Marekani, lakini haja ya kukiweka kisu mwilini ni ya zamani hata huku kwetu. Mmasai hubeba sime kiunoni katika ala ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Waomani hufunga jambia mbele ya tumbo, na ala yake mara nyingi ina thamani kuliko chuma kilichomo. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakatengeneza kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, na makali yake huvikwa ukanda wa ngozi wakati hakitumiki. Wote hao walishalimaliza suala la kifuniko. Sisi wa mjini ndio tumebaki na gazeti.

Ala nzuri unaijua kwa kuijaribu. Ingiza kisu, geuza mpini uangalie chini juu ya meza, kisha tikisa kwa nguvu kama mtu anayekung'uta mkeka. Kikitoka, hata kwa kuteleza nusu, achana nayo. Ala inayofaa kiunoni, ambako mpini unaangalia juu, inaweza isifae kabisa shingoni. Halafu bonyeza ubavuni kwa kidole, upande wa makali, na usikilize kama kuna ncha inayosukuma kutoka ndani. Mwisho, vuta kisu kwa mkono mmoja. Ukilazimika kushika ala kwa mkono wa pili kila mara, basi ile faida ya kukivaa shingoni imekwisha. Ala inayofaa huachia pale dole gumba linaposukuma mdomo wake, haiachii kwa mtikisiko.

Madukani kwetu ala ya namna hiyo ni nadra kuikuta, kwa hiyo itabidi uitengenezeshe. Njia ya kwanza ni fundi viatu. Ana ngozi, ana uzi wa nta, ana sindano, na kazi yenyewe anaimaliza mchana mmoja. Mwambie jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: kati ya kuta mbili za ngozi, upande wa makali, aweke ukanda mwembamba wa ngozi kabla ya kushona. Bila ukanda huo makali yanakula uzi kila unapoingiza kisu, na siku moja mshono unafunguka kifuani kwako. Ubaya wa ngozi kwa Dar es Salaam ni jasho. Ngozi hunywa chumvi ikaishikilia, na kisu kinacholala humo usiku kucha kinaamka na madoa ya kutu. Anayefanya kazi kavuni na anayekausha ala yake jioni ataishi nayo vizuri. Mvuvi asiifikirie kabisa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, nayo iko kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi kuanzia Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu: bomba la plastiki gumu, lile la PVC la inchi moja na nusu. Kipande cha sentimita 20 kinatosha, na kwa fundi bomba mara nyingi ni mabaki ya kutupwa. Kichane kwa msumeno urefu wake wote, kisha kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. PVC hulegea kuanzia nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Usiipeleke juu ya mkaa: ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu. Ikishalegea, itoe kwa koleo, itandaze chini ya ubao hadi ipoe ikiwa bapa. Sasa zungushia ubapa wa kisu tabaka mbili za karatasi na gundi ya utepe, kwa sababu ala inahitaji kuwa pana kidogo kuliko chuma. Rudisha plastiki kwenye maji ya moto, ikunje juu ya kisu ili mkunjo ukae upande wa mgongo wa kisu, bana kati ya mbao mbili na usimame juu yake mpaka ipoe. Inashika umbo la kisu chenyewe, pamoja na sehemu ya mwanzo ya mpini, na hapo ndipo kisu kinapong'ang'ania. Upande wa makali utakuwa wazi. Mpelekee fundi wa madirisha ya aluminiamu akupigie ribiti tatu au nne, kisha toboa tundu dogo upande wa ncha ya kisu ili maji yasituame. Ukiifikisha hapo una ala inayooshwa kwa sabuni, isiyonywa jasho na isiyoogopa chumvi ya bahari.

Kamba inahitaji kufikiriwa zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu inazunguka shingo ya mtu. Watu huchukua kamba ya nailoni ya wavu, wanafunga fundo la kweli, wanaona wamefanya jambo la kudumu. Kudumu ndiko kunakoua. Kamba ikinaswa kwenye usukani wa bodaboda, kwenye mlango wa daladala linaloondoka, au kwenye mashine ya kukoboa, inatakiwa ikatike yenyewe. Fanya hivi: kata kamba mahali pa nyuma ya shingo, unganisha ncha mbili kwa mizunguko michache ya uzi wa kawaida wa kushonea nguo. Pima kwa dumu la maji la lita 5. Lining'inize kwenye kamba. Uzi usipokatika, punguza mizunguko. Kisu chenye ala hakizidi gramu 100 na kitu, kwa hiyo uzi unaokatikia kwenye dumu bado unakibeba siku nzima bila wasiwasi. Wapo wanaotumia mnyororo wa vipunje vya chuma, kama ule wa vibati vya majina vya wanajeshi. Ule wa kawaida hufyatuka wenyewe ukivutwa, ila kwenye joto la Februari unang'ata ngozi ya shingo na chumvi hujaa kwenye vipunje.

Urefu wa kamba uupime ukiwa umesimama: mwisho wa mpini ukomee kwenye chembe cha moyo. Kikiwa juu zaidi kitakugonga kidevu ukiinama. Kikifika kitovuni kitabembea mbele na kugonga kila unachokishika. Mchuma mboga anayeinama saa nzima afunge na kikamba cha pili, chepesi, kinachozunguka mbavu, ili ala itulie kifuani. Na ukivae juu ya singlendi, si juu ya ngozi tupu. Plastiki na jasho vikikutana kwa siku nzima, utaota vipele.

Sasa kisu chenyewe. Makali ya sentimita 6 au 7 yanamaliza kazi zote nilizozitaja, na kisu kizima, mpini ukiwemo, kisizidi sentimita 16. Mtu anayedhani hiyo ni fupi atazame muuza machungwa wa stendi akiwa kazini: anamenya chungwa zima kwa utepe mmoja usiokatika, na sehemu ya kisu inayogusa ganda ni ile ya karibu na mpini tu. Urefu uliobaki unamsindikiza. Tena muuzaji mzoefu mara nyingi ana kisu kilicholika kwa kunolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba, na hakibadilishi.

Unene wa milimita 2 unatosha. Chembamba zaidi kinapinda kwenye mkanda wa robota, kinene zaidi kinapasua karoti badala ya kuikata. Kuhusu ncha, mimi nasimama na wale wanaoikata. Kisu ambacho mgongo wake unateremka kukutana na makali, kikawa hakina mchomo mbele, kinakata kamba, mboga, ngozi na uzi vizuri kama kile chenye ncha, na siku ukianguka kifudifudi utanishukuru. Mvuvi anayepasua samaki na mchonga vinyago ndio wanaohitaji ncha kweli. Mpini uwe na nafasi ya vidole vitatu bila kubanana, na mbele yake pawe na kinundu kinachozuia kidole kuteleza kwenda kwenye makali. Visu vyembamba vya jikoni vyenye mpini mnyoofu wa plastiki hukosa kinundu hicho. Mkono wenye utelezi wa samaki huteleza mpaka kwenye chuma.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii stenlesi orijino." Kila kisu kwenye turubai lake ni stenlesi orijino. Njoo na sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Wengi wanaamini sumaku ikinasa basi chuma si stenlesi. Kwa sufuria na vijiko huenda wakapatia, kwa visu wanakosea. Chuma cha kisu kisichoshika kutu kina kromiamu ya kutosha kuzuia kutu, kama asilimia 13 hivi kwa vile vya kawaida, na bado sumaku hukinasa barabara. Chuma ambacho sumaku haikinasi kabisa kwa kawaida ni cha jamii ya vijiko na masinki: hakishiki kutu, lakini hata ukikipasha moto namna gani hakiwi kigumu, na makali yake yanalala siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kisu ambacho sumaku inateleza juu yake, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Kilichonaswa na sumaku kinaweza kuwa stenlesi ngumu au chuma cha kawaida cha kaboni. Hiki cha pili mafundi wa Gerezani na wahunzi wa mitaani hukitengeneza kutoka kwenye springi za gari. Springi ni chuma kizuri kwa visu: kikipashwa hadi chekundu na kuzimishwa kwenye oili kinakuwa kigumu, kinashika makali vizuri na kinanoleka kwa urahisi. Ubaya wake ni kutu. Kwa hewa ya bahari ya mji huu, kisu cha springi kilichokata limau kikaachwa bila kufutwa kinabadilika rangi kabla hujamaliza kula. Mchonga vinyago na fundi viatu wakichukue bila kusita. Mwenye kazi ya maji, jasho na ndimu achukue stenlesi, hata kama ataenda kwa mnoaji mara nyingi zaidi. Ukiagiza kwa mhunzi, mpelekee mchoro kwenye kadibodi iliyokatwa kwa saizi kamili. Ukimwelekeza kwa mikono atakutengenezea sime ndogo.

Kwa kuwa nimemtaja mnoaji, niseme na hili. Wale wanoa visu wanaozunguka mitaani na baiskeli wana msaada mkubwa kwa panga na kisu cha nyama. Mnoaji anasimamisha baiskeli, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka na watoto wanakusanyika. Kisu kidogo na chembamba kinahitaji mkono mwepesi zaidi. Jiwe linalokwenda kasi hupasha moto makali, na makali yakionyesha rangi ya bluu, ugumu wa chuma pale umeondoka. Kuurudisha ni kazi ya mhunzi. Mwombe atumbukize kisu kwenye maji kila baada ya mpito mmoja, au noa mwenyewe. Jiwe la kunolea lenye pande mbili linauzwa maduka ya vifaa. Lilowanishe, laza kisu, inua mgongo wake kwa kimo cha sarafu mbili au tatu zilizopangana, sukuma kana kwamba unataka kuchonga uso wa jiwe, upande huu kisha upande ule. Maliza kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ule ukingo usio na rangi ya kung'aa. Sakafu ya sementi ya mlangoni, ambayo kwa nyumba nyingi ndiyo jiwe lao, inatoa makali ya haraka yenye meno. Kwa nyanya yanafaa, kwa ngozi yanachanachana.

Kuna wasomaji waliosoma mpaka hapa wakiwa na fikra nyingine kichwani: kujihami. Nawaelewa. Januari 2015 mji mzima ulitaharuki kwa ajili ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji, na mwaka 2022 hofu ile ikarudi. Lakini kisu cha sentimita 6 kilichofungiwa ndani ya ala shingoni hakimzuii kijana aliyeshika panga, na kibaka wa bodaboda anayekwapua simu anakuwa ameshakata kona kabla hujaigusa kamba. Kinachoweza kutokea ni kibaya zaidi. Mtaani kwetu mtu akipigiwa kelele za mwizi, hata kimakosa, cha kwanza watu wanachotazama ni alichobeba. Sitaki ukutwe na kisu shingoni saa nne usiku Manzese ukieleza kwamba wewe ni mchuma mchicha.

Na sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuwa kosa kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mvuvi aliye ufukweni na kisu chake ana sababu inayoonekana kwa macho. Mvuvi huyo huyo akikaa kwenye kiti cha mwendokasi na kisu kifuani, sababu yake imebaki ufukweni. Usiingie nacho Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mechi, kwenye boti za Zanzibar, uwanja wa ndege, benki wala mahakamani. Wakati wa ukaguzi utaachwa nje na kisu chako, au kisu kitabaki nje, wewe uingie.

Kwa hiyo kivae unapoanza kazi na ukivue unapomaliza, kabla hujavua hata ndala za shambani. Kwenye safari kikae ndani ya ala, ndani ya kapu au begi, chini ya vitu vingine, kamba imeviringwa. Usipande bodaboda nacho shingoni hata kama ni kituo kimoja tu. Kitu kigumu kati ya kifua chako na mgongo wa dereva kinavunja mbavu siku mkigonga tuta. Nyumbani kitundike kwenye msumari ambao mtoto aliyesimama juu ya kiti haufikii.

Wapo pia ambao wasinunue kabisa kisu cha shingoni. Mama wa genge mwenye meza yake, muuza machungwa mwenye toroli, fundi umeme mwenye begi la vifaa: hawa kisu chao kina mahali pa kukaa tayari, na ala ya plastiki iliyopigiliwa misumari miwili ubavuni mwa meza itawafaa kuliko kamba yoyote. Fundi umeme achukue cha kukunja, na ahakikishe kina kufuli inayozuia kujikunja juu ya vidole. Mwenye kifafa asikivae, wala mama anayebeba mtoto kifuani, wala mtu anayefanya kazi karibu na mashine inayozunguka. Wengine mnaokihitaji, nendeni kwa fundi bomba kwanza mkaombe mabaki ya PVC, halafu ndipo muulize bei ya kisu.